Tundu Dogo Mgongoni

"Musawo, omugongo gunnuma." Daktari, mgongo unaniuma. Sidhani kama ipo siku inayopita Kampala bila maneno haya kutamkwa mbele ya koti jeupe. Anayeyasema anaweza kuwa mama wa soko la Kalerwe aliyezoea kushusha mikungu ya matoke kwenye lori, au binti anayepanda mlima na jerikeni la lita 20, ambalo likijaa maji lina kilo 20 na ushei. Leo tuseme ni mwendesha boda wa steji ya Wandegeya, mwenye miaka 38, anayekalia pikipiki saa kumi na zaidi kwa siku na kuyajua mashimo yote ya njia yake. Mkanda wa kiuno ameshanunua kwa mchuuzi. Ameshakandwa, ameshameza vidonge vya kila rangi. Sasa amesikia kwamba kuna matibabu ya kisasa, sindano tu au tundu dogo, na jioni mtu analala kwake. Hayo ndiyo anayoyataka.

Mimi huanza kumuuliza habari za mguu. Maumivu yanaishia wapi? Akisema yanashuka kutoka takoni, nyuma ya paja, mpaka kidole gumba, yanapiga kama shoti ya umeme na akikohoa yanazidi, nashuku diski. Hicho ni kijimto kilichopo kati ya pingili na pingili, chenye ganda gumu nje na ute ndani. Ganda likichanika, ute husukumwa nje na kubana mzizi wa mshipa wa fahamu. Mguu hulia, kumbe mkosaji yuko kiunoni. Lakini akisema maumivu yamekaa palepale kiunoni miaka mitano, hayashuki popote, basi hiyo ni kesi nyingine, na mara nyingi hakuna kipimo kitakachotuonyesha kwa hakika kinachouma ni nini.

Jibu hilo humkera mtu aliyekwisha kulipia MRI. Ila mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha hiyo watu 98 wasioumwa mgongo hata kidogo, na zaidi ya nusu wakakutwa na diski iliyotuna angalau mahali pamoja. Ripoti ikiandika kwamba diski imetokeza, bado inabidi iwe imetokeza upande uleule, na kwenye pingili ileile, ambayo mguu unailalamikia.

Ikilingana, sindano ina nafasi. Mgonjwa hulala kifudifudi, mto chini ya tumbo, na mashine ya eksirei yenye umbo la herufi C humkumbatia kiunoni. Ngozi ikishasafishwa na kutiwa ganzi, sindano ndefu nyembamba husogezwa kidogo kidogo huku daktari akitazama kioo. Kabla ya dawa, hupenyezwa matone ya rangi inayoonekana kwenye eksirei. Rangi ikitiririka kuufuata mzizi wa mshipa, ncha iko mahali pake. Ikitoweka ghafla, imeingia kwenye damu, na sindano lazima irudishwe nyuma. Ndipo hutiwa steroidi iliyochanganywa na ganzi. Steroidi hupoza uvimbe unaouzunguka mzizi. Diski hairudishi ndani. Inachompa mgonjwa ni wiki kadhaa za nafuu, na katika wiki hizo mwili wenyewe mara nyingi huupunguza ule ute uliotoka.

Kwa mgongo uliouma miaka, hesabu imebadilika. Wapo wanaounguza vijimishipa vya viungo vya nyuma ya pingili kwa mawimbi ya redio, nyuzi 80 hivi kwa dakika moja au moja na nusu. Nadharia yake inavutia. Lakini Februari 2025 jopo la kimataifa lilichapisha mwongozo katika jarida la BMJ likishauri kwa nguvu kwamba maumivu sugu ya mgongo yasiyotokana na saratani yasitibiwe kwa kuunguza huko, wala kwa sindano za steroidi, kwa sababu nafuu yake haijapita ile ya matibabu ya kuigiza. Madaktari wa sindano wamelipinga vikali. Mimi naona jopo lina haki zaidi, ingawa kwa mguu unaowaka tangu wiki chache zilizopita bado naishika sindano.

Halafu kuna mambo ya kwetu ambayo matangazo ya kliniki hayayataji. Kifua kikuu hukaa pia kwenye uti wa mgongo. Mpasuaji Mwingereza Percivall Pott alieleza kibiongo kinacholetwa nacho tangu 1779, na hapa Uganda bado tunakutana nacho. Brusela, inayopatikana kwenye maziwa yasiyochemshwa, nayo hupenda kiuno. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda ni sababu ya kuiweka sindano kando kwanza, maana steroidi hudhoofisha kinga na kuipa maambukizi nafasi. Kifua kikuu hicho hutibiwa kwa vidonge vya miezi mingi, na serikali huvitoa bure.

Pia, mwambie daktari ARV unazotumia, hata kama unaona haya. Ritonavir, iliyomo katika baadhi ya dawa za mstari wa pili, hulizuia ini kuvunja steroidi aina ya triamsinoloni. Sindano moja inaweza kukaa mwilini wiki nyingi: uso unaviringa, sukari inapanda, tezi za adrenali zinalala. Kwa anayetumia dolutegravir bila ritonavir, hofu hiyo haipo.

Na upasuaji wa tundu dogo? Mrija wenye upana wa milimita kumi na kitu hupenyezwa kati ya misuli, na ute unaobana huondolewa humo. Kidonda ni kidogo kweli. Lakini Waholanzi waliulinganisha na upasuaji wa kawaida wa hadubini mwaka 2009, na wagonjwa wa mrija hawakupona vizuri zaidi. Kwa maumivu walikuwa nyuma kidogo. Miaka miwili kabla walikwisha kuonyesha kwamba waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka kuliko waliosubiri, ila baada ya mwaka walikuwa sawa. Kwa hiyo mtafute mpasuaji anayeifanya kazi hiyo kila wiki, kwa njia aliyoizoea. Mulago ina wapasuaji wa mishipa ya fahamu, na tangu 2007 ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke umeipa vifaa na mafunzo. Asiyetakiwa kusubiri hata siku moja ni yule ambaye mkojo umeziba, sehemu za siri zimekufa ganzi au mguu unaburuta.

Mgonjwa wetu wa Wandegeya ana mguu wa shoti na picha inayolingana nao, homa hana, kwa hiyo sindano atapata. Mkanda namshauri auache. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 halikuupendekeza, likapendelea mazoezi na elimu. Sharti langu ni moja: ganzi inaweza kuulegeza mguu kwa saa kadhaa, kwa hiyo siku hiyo haendeshi, aje na mtu wa kumrudisha.

"Hakuna shida, musawo. Mwenzangu wa steji atanipakia."

Hapana, ssebo. Kwa gari.