Nani Atamlipia Karo Binti wa Mantapala?

Mzazi wa Kiafrika akiulizwa angependa mwanawe asomee kazi gani, aghalabu hutaja udaktari, uhandisi au sheria. Ni nadra kumsikia mama akisema kuwa anamwombea bintiye awe mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wengi wetu huidhania kazi hiyo kuwa ni moyo mwema tu, wala haihitaji chuo kikuu. Lakini ziko mahali ambapo bila ya kazi hiyo maisha ya watu hukwama kabisa, na mojawapo ni Mantapala, katika Wilaya ya Nchelenge, Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia.

Kuanzia Agosti 2017 watu wengi walivuka mpaka kutoka Kongo, wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika. Wengine walitoka Pweto, wengine Moba, na wengi walifika na nguo walizovaa tu. Kwanza walipokewa katika kituo cha muda cha Kenani. Mwanzoni mwa 2018 Serikali ya Zambia ikafungua makazi mapya Mantapala, kila jamaa ikapewa kiwanja cha kujenga na nafasi ya kulima. Mkoa wa Luapula haukuwa mgeni wa jambo hilo, kwani kambi ya Kala, karibu na Kawambwa, iliwatunza Wakongo wa vita vya awali kwa takriban miaka kumi.

Sasa msomaji na afikirie kazi inayomngoja mtumishi wa ustawi wa jamii mahali kama hapo. Yupo mtoto aliyevuka mpaka akifuatana na watu asiowajua. Je, akae nao, ama atafutiwe jamaa nyingine, na nani atakayeamua? Yupo mjane ambaye jina lake limeandikwa katika kadi moja na mume aliyemtoroka, na kila posho inapogawiwa ugomvi huanza upya. Yupo mama aliyetendewa njiani mambo ambayo hajamwambia hata dada yake.

Mama huyo anazungumza Kiswahili cha Katanga, au Kibemba, au Kiluba. Mtaalamu akiletwa kutoka mbali bila ya lugha hizo, hana budi kutafuta mkalimani, na mkalimani huenda akawa jirani yule yule anayeteka naye maji kisima kimoja. Hapo ndipo mama anapofunga mdomo. Atasema kichwa kinamuuma, atapewa dawa ya kichwa, naye atarudi nyumbani. Kwa sababu hiyo, wanaoyafahamu makazi ya wakimbizi husisitiza kuwa kazi hii inawataka wana wa watu wale wale, waliosoma wakapata na taaluma yake: namna ya kutunza siri, namna ya kuuliza bila ya kutonesha kidonda, sheria ya mtoto inasema nini, na lini mtumishi mwenyewe ajitenge na shauri linalomhusu ndugu yake.

Taaluma hiyo inafundishwa Zambia tangu zamani. Chuo cha Oppenheimer cha huduma za jamii kilianzishwa mjini Lusaka mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha kikaingizwa katika Chuo Kikuu cha Zambia, ambacho kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1966. Kwetu Tanzania, taasisi ambayo leo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii, pale Kijitonyama, Dar es Salaam, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Basi mahali pa kusomea papo, ila pana mlango wa fedha.

Mzambia aliyefaulu anaweza kuomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo na Misaada ya Elimu ya Juu, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mkopo huo umekusudiwa raia. Mkimbizi, hata akiwa amemaliza sekondari ya Zambia kwa alama zilizo bora kuliko za jirani yake, hasimami katika foleni hiyo. Mambo ni hayo hayo kwa Bodi ya Mikopo ya Tanzania, na sitaki kuilaumu nchi yoyote hapa, kwani fedha hizo haziwatoshi hata wenyeji. Pamoja na hayo, viko vyuo duniani vinavyomtoza mkimbizi karo ya mgeni, ambayo hupita ile ya mwenyeji, kana kwamba baba yake ni tajiri aliyempeleka ng’ambo.

Mlango mkubwa uliobaki ni udhamini uitwao DAFI, uliopewa jina la Albert Einstein, mwanasayansi ambaye naye alikuwa mkimbizi. Ulianzishwa mwaka 1992 kwa fedha za Ujerumani, na unasimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi. Zambia ni miongoni mwa nchi unakotolewa. Hulipa karo, vitabu, chakula, malazi na nauli. Tangu uanzishwe umewasomesha vijana zaidi ya 20,000 ulimwenguni, na wasichana bado ni chini ya nusu yao. Idadi hiyo ni kubwa kuitamka, lakini ni ndogo mbele ya haja. Mwaka 2019 shirika hilo lilijiwekea shabaha kwamba ifikapo 2030 wakimbizi 15 katika kila 100 wenye umri wa chuo wawe wanasoma elimu ya juu. Wakati ule walikuwa 3 tu, na taarifa ya 2023 ilitaja 7.

Hebu tumchukue msichana wa mfano tu, aliyefika Mantapala akiwa na miaka kumi na miwili. Kongo alikuwa akisoma kwa Kifaransa. Zambia amekuta Kiingereza, akarudishwa madarasa ya chini akae na watoto wadogo. Akistahimili mpaka mwisho wa sekondari, Chuo Kikuu cha Zambia kinamdai apate alama za kutosha katika masomo matano, na Kiingereza kimojawapo. Kaka yake aliyemaliza Kongo ana taabu nyingine, kwa kuwa hati yake ya Mtihani wa Serikali haina budi kuthibitishwa na Mamlaka ya Sifa za Elimu ya Zambia. Kama iliungua pamoja na nyumba, atathibitisha nini?

Kisha kuna safari. Mkazi wa makazi ya wakimbizi hatoki bila ya hati ya ruhusa. Kutoka Nchelenge hadi Lusaka, kwa njia ya Mansa na Serenje, ni zaidi ya kilomita elfu moja. Msichana huyo anahitaji ruhusa, nauli, mahali pa kulala na picha za kubandika katika fomu, na yote hayo kabla mdhamini yeyote hajalijua jina lake. Udhamini huanza kulipa baada ya mtu kuchaguliwa. Senti za kabla ya hapo hutoka katika mfuko wa mama, yaani katika muhogo, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi wanapoishia, hasa mabinti. Muhogo ukitosha nauli ya mmoja, mzazi humtuma mvulana.

Wazazi wanaosoma ukurasa huu, wawe Nyarugusu au Kigoma mjini, wanaweza kujifunza jambo moja la nyumbani. Vyeti vya watoto, hata vya darasa la chini, vitiwe katika mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya jamaa, na mtu mmoja apewe kazi ya kuubeba siku ya mbio. Majina yaandikwe kwa namna moja katika karatasi zote, kwa kuwa herufi moja iliyopotoka huweza kuchelewesha ombi hata muda wake ukapita.

Wadhamini nao wana la kufanya, na kwa wanafunzi wa ustawi wa jamii ni la pekee. Masomo haya hayaishi darasani, kwani mwanafunzi hupelekwa hospitalini, mahakamani au vijijini kufanya kazi kwa vitendo chini ya uangalizi, na bila ya mazoezi hayo hapati shahada. Nauli ya kila siku, chakula cha mchana na nguo nadhifu za kazini si gharama za kupuuzwa. Afadhali ziandikwe katika udhamini tangu mwanzo kuliko mwanafunzi wa mwaka wa tatu aache mazoezi kwa kukosa nauli ya basi. Tena mazoezi hayo yangeweza kufanyika Mantapala yenyewe, akisimamiwa na mtumishi mzoefu, mradi mashauri ya jamaa zake apewe mwingine. Nauli ya Lusaka mpaka Nchelenge, kwenda na kurudi, ndiyo ingekuwa gharama kubwa ya muhula huo, na yule mama aliyepewa dawa ya kichwa angepata mtu wa kuzungumza naye kwa Kiswahili chake.