Shimo Halilipi Kila Siku, Watoto Wanakula Kila Siku

Asubuhi moja ya mwezi wa kumi simama karibu na soko la Kadutu, kama saa tatu hivi. Utawaona wanashuka: watoto wenye shati jeupe na nguo ya bluu, mfuko wa daftari mgongoni, kwa saa ambayo wangepaswa kuwa darasani. Hawakutoroka. Wamerudishwa kwa sababu ya minerval. Wadogo wanacheka na kupiga mpira wa matambara njiani. Wakubwa, hasa wasichana, hawacheki.

Mwaka mmoja binti yangu alikuwa kati yao. Alifika nyumbani Bagira, akaweka mfuko juu ya kiti, akasema: «Papa, banirudisha.» Basi, hakuongeza neno. Mimi nilikuwa nimefika kutoka Kamituga wiki mbili kabla, na nilifika na pesa. Ilikuwa imekwenda wapi? Sikuweza kumjibu. Ndiyo sababu ya ukurasa huu, na wewe baba nakuomba usiuruke ukidhani ni mambo ya mama na sufuria yake.

Wazee wa Kamituga na Lugushwa wanakumbuka wakati wa posho. Chini ya MGL, na baadaye chini ya Sominki iliyoundwa mwaka 1976, mfanyakazi alipata mshahara, na mbali na mshahara alipata posho, nyumba ya kambi, hospitali na masomo ya watoto. Mshahara wenyewe ulikuwa mdogo, tusiusifu kupita kiasi. Lakini hesabu ngumu za jamaa zilifanywa na kampuni: mtoto akiugua kulikuwa na hospitali, mwezi ukiisha kulikuwa na unga. Sominki ilikufa mwaka 1997. Shimo likabaki, na hesabu ikarudi mikononi mwetu sisi ambao hatukuwahi kufundishwa kuihesabu.

Na shimo unajua namna linavyolipa. PDG anatoa pesa ya miti, ya mafuta, ya pampu na ya chakula cha wachimbaji. Mnachimba miezi mitatu, minne, hata sita. Mnakula bugali na maharagi pale pale, bila hata franka moja ya kutuma nyumbani. Siku mshipa unapoonekana, kwanza deni za PDG zinakatwa, halafu wanaopaswa kupewa wanapewa, ndipo ninyi mnagawana kilichobaki. Mama twangaise anayeponda mawe, yeye anaishi kinyume chake: siku yenye mawe anakula, siku isiyo na mawe anakopa.

Sasa tufanye hesabu pamoja. Tuseme baba anatuma dola 300 baada ya miezi minne. Simu inalia, ujumbe unaingia, nyumba nzima inafurahi. Dola 300! Lakini miezi minne ni siku 120. Gawa: ni dola 2 na nusu kwa siku. Nyumbani mko watu 6. Gawa tena: kila mtu ana senti 41 hivi, na bado hatujalipa nyumba, hatujanunua makala, hatujagusa masomo wala dawa. Pesa ile ile iliyoonekana mlima mkononi mwa baba, kwa mama ni kijiko. Ugomvi mwingi wa nyumba zetu unatoka hapo: mmoja anaona 300, mwenzake anaona senti 41, na kila mmoja anadhani mwenzake anadanganya.

Twende kwanza jikoni, kwa kuwa huko ndiko pesa inakopotelea bila mtu kuiona.

Maskini ananunua kwa bei ya juu kuliko tajiri. Umeshaona hilo? Aliye na pesa ananunua mfuko wa unga na gunia la makala mara moja. Asiye nayo ananunua unga kwa kopo la Guigoz na makala kwa kimfuko cha siku moja. Pima mwenyewe: hesabu makopo yaliyomo katika gunia moja, zidisha kwa bei ya kopo, halafu ulinganishe na bei ya gunia. Tofauti hiyo ndiyo unayolipa kwa sababu tu pesa yako inakuja vipande vipande. Kwa hiyo siku simu inapolia, kitu cha kwanza si nguo mpya wala soda za majirani. Ni gunia. Na kama gunia ni zito kwa nyumba moja, wanawake wawili au watatu wa mtaa wanaweza kulinunua pamoja na kuligawa mlangoni. Si aibu.

Lakini angalia: kuokoa pesa kwa kupunguza sahani ya mtoto ni deni baya kuliko yote. Sisi watu wa Bukavu tuna neno letu, bwaki. Miguu inavimba, nywele zinageuka nyekundu, mtoto anakuwa mnyonge, hataki kucheza. Mara nyingi inamkuta mtoto aliyeachishwa ziwa kwa kuwa mdogo wake amekuja, akapewa bugali wa muhogo na sombe kidogo, basi. Anashiba, na anaharibika. Ugonjwa huo uliitesa sana nchi yetu, hata mwaka 1965 kikaundwa hapa Bukavu chama kizima cha kupigana nao, Comité Anti-Bwaki. Muhogo unajaza tumbo, haujengi mwili. Mtoto anahitaji maharagi, soya, karanga, yai au samaki.

Na samaki tunaye. Sambaza hakuwa wa ziwa letu. Aliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ni nyama ya watu wa kipato kidogo. Sambaza waliokaushwa, konzi moja, wakisagwa na kutiwa katika uji wa mtoto, wanafanya kazi kuliko kipande cha nyama ambacho baba anakula peke yake. (Baba, nimeiona hiyo sahani. Niliila mimi mwenyewe miaka mingi.) Maharagi nayo yalowekwe usiku, yataiva mapema na makala yatapungua.

Kuna jambo jingine dogo ambalo majirani wa mjini wanalicheka, lakini Walungu na Kabare wanalijua vizuri: kobayi. Anakaa jikoni, anakula majani na maganda, anazaa upesi. Mtoto wa miaka 8 anaweza kumtunza. Jamaa nyingi zimenunua kalamu na daftari kwa kobayi, na siku nyingine kobayi huyo huyo anaingia katika sufuria.

Sasa masomo. Mzigo wa «prime» ya walimu tunajua ulianzia wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ilishindwa kuwalipa walimu, masomo yakafungwa, mwaka 1991-1992 ukapotea, ule tuliouita mwaka mweupe. Wazazi, pamoja na Kanisa, wakakubali kuchanga ili walimu warudi darasani. Ilikuwa dawa ya muda. Ilidumu zaidi ya miaka 25! Katiba ya 2006, kifungu cha 43, ilisema masomo ya msingi ya umma ni ya bure na ya lazima, lakini ilikuwa Septemba 2019 ndipo neno hilo lilianza kutekelezwa. Watoto wakajaa darasani mpaka madawati hayakutosha. Hata hivyo, wengi waliokuwa nyumbani waliingia, na hilo ni jema.

Lakini mtego umehama tu. Kwa miaka sita mzazi anapumua, ananunua daftari na nguo, anajiona ameshinda. Mtoto akimaliza mwaka wa sita anaingia sekondari, na huko bure imekwisha. Hapo ana miaka 12 au 13. Ikiwa ni msichana, na pesa ni ya mtoto mmoja, unajua nani anabaki nyumbani.

Nilisema nitakueleza habari ya binti yangu. Mwaka ule tulikuwa na wawili sekondari, yeye na kaka yake mdogo. Nilimlipia mvulana kwanza. Hakuna aliyenilazimisha, sikuwaza hata dakika mbili. Pesa iliyobaki niliitoa mchango wa arusi ya mtoto wa rafiki yangu wa shimo, mchango mkubwa, ili nisiaibike mbele ya wenzangu, na nyingine ikaishia kwenye chupa. Mke wangu hakujua nimefika na kiasi gani, kwa kuwa sikumwambia. Tulikwenda kukopa kwenye ile mikopo ya mtaani tunayoiita banque Lambert, ambako unaweza kurudisha hata nusu ya mkopo juu ya mkopo. Deni likatushika mwaka mzima. Binti alipoteza mwaka huo. Alikaa sokoni na mama yake akiuza nyanya, na wenzake wa darasa walikuwa wanapita mbele ya meza yake.

Toka hapo tulinunua daftari moja, lile la kurasa 100, likatundikwa kwa kamba nyuma ya mlango. Kila pesa iliyoingia iliandikwa, yangu na yake, na kila iliyotoka. Kwa mwezi wa kwanza nilikasirika kila jioni. Nilijifunza kwamba nyanya za mke wangu zilikuwa zimelisha nyumba siku nyingi kuliko dhahabu yangu. Wanaume wengine bado wanasema mke hana haki ya kujua pesa ya mume. Sheria yenyewe ilikuwa nao: mpaka mwaka 2016 mwanamke aliyeolewa alihitaji ruhusa ya mume ili afanye mapatano ya kisheria. Sheria ya jamaa ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016, ruhusa hiyo ikaondolewa. Wewe je, nyumbani kwako imebadilika?

Mke wangu ndiye aliyetuingiza katika MUSO ya mtaa. Likelemba tuliijua tangu zamani: watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anakula. Ni nzuri, lakini mtoto haugui kwa zamu. MUSO ina kasha la kijani la kukopeshana, lenye faida ndogo inayobaki kwenu wenyewe, na kasha jekundu la misaada, la ugonjwa na msiba. Usiku mtoto wetu wa tatu alipopata malaria kali, lile kasha jekundu lilifunguliwa kabla sijafika kutoka Kamituga.

Utaniuliza: kwa nini tusiweke tu pesa sehemu moja? Kumbuka tuliyoyaona. Miaka ya 1990 zaire iliyowekwa kwenye sanduku iligeuka karatasi. Septemba 2010 Rais Kabila alifunga machimbo ya Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Miezi sita bila shimo, na watoto wengi walitolewa masomoni. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga milango, na mwenye akiba yake humo alikuwa sawa na asiye nayo. Kwetu sasa kidogo kiko MUSO, kidogo ni unga ndani ya nyumba, kidogo ni nguruwe mmoja kwa shemeji kule Kabare.

Watoto nao tuliwaambia ukweli. Tuliogopa, lakini walikuwa wanajua tayari. Siku tulipofungua daftari mbele yao, yule mvulana aliuliza swali moja tu: «Papa, mwaka ule, mbona mulilipia miye, dada hapana?» Mama yake aliangalia chini. Mimi ndiye niliyepaswa kujibu.

Binti alirudi masomoni Septemba iliyofuata, darasa moja na mdogo wake. Minerval ya wote wawili tulilipa siku moja, ya msichana ikaandikwa kwanza, kwa mkono wake mwenyewe.