Vumbi la Viti vya Nyuma

Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo lionekanalo dogo, lakini madhara yake si madogo: ni vumbi liingialo ndani ya motokaa ya zamani, na namna ya kulizuia kwa chujio la hewa.

Palikuwa na baba mmoja katika Tanzania ya kati aliyenunua Toyota Land Cruiser ndefu, iliyokwisha kutumika miaka mingi. Gari lilikuwa la nguvu, haliogopi mchanga wala matope. Kila Jumamosi liliwachukua jamaa zake kwenda shambani, mwendo wa saa mbili katika barabara ya udongo mwekundu. Baba alikaa mbele akishika usukani, kioo cha mlango wake amekiteremsha apate upepo. Mama na watoto watatu walikaa nyuma. Kila walipofika, mtoto mdogo alikohoa usiku kucha, na kifua chake kikalia kama filimbi. Wazazi walidhani ni baridi, wakamfunika blanketi la pili.

Siku moja baba aliumia mkono, ikawa ndugu yake aendeshe, naye akaketi nyuma pamoja na watoto. Waliposhuka, nyusi zake zilikuwa nyekundu, na koo lake limekauka. Akamwuliza mkewe, "Mama watoto, mbona hukuniambia ya kuwa huku nyuma mnateseka hivi?"

Mkewe akamjibu, "Nilikuambia, mume wangu, tena si mara moja. Ulisema huko mbele hakuna vumbi."

Baba hakuwa na neno la kujibu. Kesho yake alimpeleka mtoto hospitali, naye daktari akaona kuwa ana pumu, akampa dawa. Kisha baba akalipeleka gari kwa fundi. Fundi akafungua boneti, akatoa chujio la hewa la injini, nalo limejaa vumbi jekundu. Akasema, "Tazama, mzee. Injini yako inavuta hewa safi kuliko mwanao."

Kwa nini magari hayo hayana chujio

Maneno ya fundi yule yalikuwa kweli. Injini huwekewa chujio kwa sababu vumbi huzikwangua silinda zake na kuziharibu upesi, na kila mwenye gari huiona hasara hiyo. Lakini madhara ya mapafu huja polepole, wala hayamo katika hesabu ya fundi.

Wazo la kuchuja hewa ya abiria si jipya. Mwaka 1938 kampuni ya Nash ya Marekani iliuza magari yenye mtambo uliovuta hewa ya nje, ukaichuja na kuipasha moto kabla haijawafikia watu. Mwaka 1978 kampuni ya Saab ya Sweden nayo ilitia chujio katika gari lake la Saab 900. Lakini magari ya kazi yalikawia kupata faida hiyo. Land Cruiser za namba 70 zilianza kutengenezwa mwaka 1984, na nyingi za zamani hazina chujio la abiria. Land Rover Defender za kabla ya mwaka 2007 zina vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele. Ukivifungua, upepo huingia moja kwa moja pamoja na vumbi la njia.

Vumbi lipi lidhurulo

Si vumbi lile tulionalo juu ya viti litupasalo kuliogopa zaidi. Unywele wa mtu una unene wa mikromita 70 hivi, na mikromita 1,000 ni milimita moja tu. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, tukazitoa kwa kupiga chafya au kukohoa. Lakini chembe zisizozidi mikromita 10 huweza kupita hata kifuani, na zile zisizozidi 2.5 hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri kwamba katika muda wa siku moja, kila mita ya ujazo ya hewa isiwe na zaidi ya mikrogramu 45 za chembe hizo za mikromita 10. Ni kiasi kidogo mno. Tena mtoto hupumua upesi kuliko mtu mzima, na njia zake za hewa ni nyembamba. Kwa hiyo huziba mapema.

Basi, kwa nini aliye nyuma huumia zaidi? Gari la mfano wa sanduku likienda mbio huipasua hewa, na nyuma yake hubaki mahali penye hewa pungufu. Vumbi lililotimuliwa na magurudumu huvutwa kuja mahali pale, likazunguka mbele ya mlango wa nyuma. Madirisha ya mbele yakiwa wazi, mara nyingi hewa ya ndani hufyonzwa kutoka kwa madirisha hayo, na hewa nyingine huingia kwa nyufa za mlango wa nyuma ili kujaza nafasi yake. Hivyo upepo amburudishao dereva ndio uwaleteao wengine vumbi.

Kwanza ziba nyufa

Kwa sababu hiyo, mtu asikimbilie kununua chujio kabla hajatazama raba za milango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi hapa twasema juu ya ufa wa kweli. Njia za kuujua ni rahisi. Chukua karatasi, uibane kwa mlango, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, raba ya mahali pale imekufa. Au usiku mtu mmoja akae ndani na tochi, amulike pembeni mwa milango yote, na mwingine atazame kutoka nje. Palipo na mwanga ndipo vumbi lipitapo. Usisahau matundu ya sakafu yapitishayo nyaya na vyuma vya gia, maana raba zake nazo hupasuka.

Kisha tia chujio

Nyufa zikiisha kuzibwa, hewa yapasa iingie kwa njia moja tu, nayo iwe na mlinzi. Katika magari mengi ya namna hii hewa huingia kwa matundu yaliyo chini ya kioo cha mbele, ikashuka mpaka kwenye feni iliyo nyuma ya kisanduku cha dashibodi, upande wa abiria. Fundi hutoa waya hasi wa betri, hufungua skrubu za kisanduku hicho, na kulitazama sanduku la feni.

Katika magari mengine nafasi ya chujio ipo tangu kiwandani, ila imefunikwa kwa plastiki. Fundi huikata kwa kisu kikali, akiangalia asiutie ncha ndani, maana nyuma yake huweza kuwa na evaporeta ya kiyoyozi, ambayo mapezi yake ni laini mno. Baada ya kukata, hufagia vipande vyote, hutia chujio la kipimo kile kile, na kufunika.

Gari lisilo na nafasi hiyo hutengenezewa fremu nyepesi juu ya mdomo wa feni, na chujio hukatwa kwa kipimo chake. Wengine huliweka chini ya matundu ya mbele. Lakini hapo mvua hufika, na chujio la karatasi likilowa huharibika. Basi mahali hapo litumike la nyuzi zisizoharibiwa na maji, wala lisizibe njia ya maji kutoka.

Kwa namna zote, mambo matatu yaangaliwe. La kwanza, mshale uliochorwa pembeni mwa chujio uelekee upande uendako upepo. La pili, kando zote zizungushiwe sponji, kwa kuwa hewa hupenda njia nyepesi. Ikipata mwanya kidogo, hulikwepa chujio. La tatu, chujio lisiwe zito kupita nguvu za feni, maana upepo ukipungua mno, evaporeta huweza kuganda barafu. Na gari likiwa na mfuko wa hewa wa usalama upande wa abiria, kazi hiyo afanye fundi aujuaye.

Namna ya kusafiri nalo

Ukiisha kutia chujio, funga madirisha, weka kitasa kwenye hewa ya nje, na uwashe feni hata kama hutaki baridi. Hewa iliyochujwa ikijaa ndani huwa na msukumo uzidio kidogo ule wa hewa ya nje, ikatoka kwa nyufa zilizobaki. Na palipo na hewa itokayo, vumbi haliingii. Migodini pia vyumba vya madereva wa mitambo hulindwa kwa kanuni hii. Ukikutana na lori, waweza kuzungusha hewa ya ndani kwa dakika chache, lakini usiiache hivyo safari nzima: msukumo ule hupotea, na pumzi za watu wengi hujaza hewa nzito iletayo usingizi kwa dereva.

Katika barabara za vumbi, litazame chujio kila mwezi wa kiangazi. La karatasi lisioshwe, wala lisipulizwe kwa upepo mkali wa kompresa, maana nyuzi zake hupasuka, likichakaa, libadilishwe.

Tena jambo moja kubwa. Hakuna chujio la namna hii lizuialo kaboni monoksaidi, ile sumu isiyo na harufu itokayo katika moshi wa injini. Hata lile lenye makaa, ambalo hupunguza harufu, halina nguvu juu yake. Kwa hiyo bomba la moshi likitoboka, litengenezwe mara moja. Na mlango wa nyuma usiachwe wazi safarini, kwa kuwa njia iletayo vumbi ndiyo iletayo moshi.

Yule baba alifanya yote hayo. Jumamosi iliyofuata alitandika kitambaa cheupe juu ya kiti cha nyuma, na walipofika shambani akakikung'uta mbele ya mkewe. Kilikuwa na vumbi kidogo tu. Mtoto aliendelea na dawa yake kama daktari alivyoagiza, lakini usiku ule alilala bila kukohoa. Tangu siku hiyo baba amejiwekea desturi: kila baada ya safari kadhaa humpa ndugu yake usukani, naye huketi nyuma pamoja na watoto.

Nawe msomaji mwenye gari la zamani, kabla hujasema kwamba halina vumbi, keti kwanza katika kiti cha nyuma.