Nyumba ya Televisheni Juu ya Mlima wa Dhoruba

Mtu wa milimani akitaka kumwita jirani yake wa ng'ambo ya bonde, hasimami chini mtoni. Hupanda mpaka mgongo wa kilima, huweka mikono kinywani, ndipo huita. Kule chini sauti yake ingepotea katika migomba. Ndugu msomaji, aliyefahamu jambo hilo amekwisha kufahamu nusu ya elimu ya televisheni. Mawimbi yachukuayo picha huenda karibu moja kwa moja, mfano wa mwanga wa taa. Hujipinda kidogo tu, na mlima ukisimama mbele yao huwazuia walio nyuma yake wasipate kitu. Basi atakaye picha zake zifike mbali hana budi kuinua mlingoti wake, na hakuna fundi awezaye kujenga mlingoti mrefu kama mlima.

Twende pamoja tukatazame mlima mmoja uliotumika kwa kazi hiyo: Mount Washington, katika jimbo la New Hampshire, kaskazini-mashariki ya Marekani. Kimo chake ni mita 1,917. Sisi tuujuao Nyiragongo wenye mita 3,470 tungeweza kuucheka. Tusiharakishe. Mlima huo umesimama mahali ambapo njia nyingi za dhoruba hukutana, na kilele chake hukatiza upepo kama jiwe lililo katikati ya mto wa mbio.

Tarehe 12 Aprili 1934, wachunguzi wachache wa hali ya hewa walikuwa ndani ya nyumba ndogo ya mbao kileleni, nayo ilikuwa imefungwa kwa minyororo ya chuma isichukuliwe na upepo. Alfajiri mmoja wao, Wendell Stephenson, aliona kipimo kinaonyesha upepo mdogo kuliko ule aliousikia ukivuma nje. Akatambua kwamba barafu imekishika chombo. Akatoka gizani na rungu mkononi, akapanda, akaigonga barafu mpaka ikaanguka. Mchana wa siku ile, saa saba na dakika 21, chombo kile kilipima upepo wa kilometa 372 kwa saa. Kwa miaka zaidi ya 60 hakikupatikana kipimo kingine kilichoupita, hata mwaka 1996, tufani ilipopiga kisiwa cha Barrow huko Australia kwa kilometa 408.

Nani basi angechagua kujenga hapo? Wa kwanza alikuwa Edwin Armstrong, mvumbuzi wa ile namna ya kutangaza redio iitwayo FM, ambayo haisumbuliwi sana na mikwaruzo ya radi. Mwaka 1937 mlingoti wake wa chuma ulisimamishwa kileleni. Armstrong alifariki Januari 1954, na mwaka ule ule televisheni ikapanda mlimani: kituo kilichoitwa WMTW, cha mkondo wa 8. Herufi zake za mwisho tatu ni kifupi cha jina la mlima wenyewe.

Wakati wa kiangazi safari haikuwa ngumu. Barabara ya kilometa 12 ilikuwapo tangu mwaka 1861, na tangu 1869 kulikuwa na treni yenye gurudumu la meno, ambalo hushika reli ya katikati kama mtu apandaye ngazi. Lakini miezi ya baridi barabara hufunikwa na theluji. Ndipo mafundi walipopanda kwa gari la minyororo, mfano wa matingatinga, nao hawakushuka jioni kurudi kwa wake zao. Walikaa huko juu kwa zamu ya juma zima. Kwa hiyo nyumba ya mitambo ilikuwa pia nyumba ya kulala na kupika.

Tuingie. Kitu cha kwanza cha kuulizia ni umeme, maana bila huo mengine yote ni chuma kitupu. Umeme ulizaliwa papo hapo kileleni kwa mashine kubwa zilizokula mazutu, nazo zilinguruma mchana na usiku. Akiba ya mafuta ililetwa barabara ilipokuwa wazi, ipate kutosha kwa majira marefu ya theluji. Mke wa nyumbani awekaye mahindi ghalani kabla ya mvua atauelewa wasiwasi wa mafundi hao.

Chumba cha pili ndicho moyo wa kazi. Picha hazikutengenezwa mlimani. Zilipigwa chini, katika studio, zikarushwa kuelekea kileleni kwa mawimbi mafupi sana yaliyolenga mahali pamoja tu. Picha yenyewe haikusafiri nzima. Ilikatwa mistari 525, ikapelekwa mstari kwa mstari, kama mwanafunzi asomavyo ukurasa tangu juu hata chini. Tena kurasa 30 zilisomwa katika kila sekunde moja! Jicho letu ni zito, haliwezi kuufuata mwendo huo. Ndiyo sababu tunaona watu wakitembea, wala hatuoni mistari. Kileleni mtambo mkubwa uliitia picha nguvu, ukaipandisha mlingotini, nayo ikatawanyika. Mtu aliye juu pale, siku hewa ikiwa safi, upeo wa macho yake uko umbali wa kilometa 156 hivi. Mawimbi, kwa kuwa hujipinda kidogo, hupita hapo. Ndivyo mlingoti mmoja ulivyoyafikia mashamba ya Maine, New Hampshire na Vermont, hata kuvuka mpaka kuingia Kanada.

Nje adui mkubwa alikuwa barafu. Kilele hufunikwa mara nyingi na ukungu wenye vitone vya maji vilivyo baridi kupita kiasi, lakini havijaganda. Vikigusa chuma tu, vyaganda. Barafu hiyo huota kuelekea kule upepo utokako, kama manyoya ya ndege, nayo huongezeka mpaka mlingoti ukaonekana nguzo nyeupe. Huulemea mlingoti kwa uzito wake, huyavuruga mawimbi, na jua likitoka huanguka vipande vipande juu ya mapaa na vichwa. Na baridi! Kipimo kimewahi kushuka hata digrii 44 chini ya sifuri mwaka 1934, na tena Februari 2023.

Watazamaji hawakuyajua hayo. Waligeuza kifundo, picha ikaja. Lakini mmoja wa mafundi walimfahamu vizuri: Marty Engstrom, aliyeanza kazi mlimani mwaka 1964. Hakuajiriwa kwa ajili ya sura wala ufasaha wake; alikuwa fundi wa mitambo, akapewa kusoma habari za hali ya hewa kutoka kileleni kwa kuwa yupo pale. Alivaa tai ya kipepeo, akasoma bila madoido, na mwisho akatoa tabasamu la ghafla lililozimika mara moja. Watu walimpenda kuliko wasomaji wengi wenye sauti za kubembeleza. Mimi nafikiri walisadiki kwamba mtu asemaye habari za upepo huku upepo huo huo unampigia mlango hana haja ya kupamba maneno.

Miaka 38 alifanya kazi hiyo. Mwaka 2002 kituo kiliuacha mlima, kikahamia mlingoti wa Baldwin, katika Maine, ulio karibu zaidi na mji wa Portland penye watu wengi, na mafundi wakashuka. Majengo na mashine za umeme zikabaki, kwa sababu wachunguzi wa hali ya hewa na redio bado walizitegemea.

Tarehe 9 Februari 2003 moto ukazuka katika nyumba ya mashine hizo. Barabara ilikuwa chini ya theluji. Walioko juu hawakuweza kuuzima. Nyumba ya mashine iliteketea, moto ukashika na jengo la mitambo, redio zikanyamaza, na wachunguzi wakabaki bila umeme wao wa kawaida. Hakuna aliyepoteza maisha. Redio zilirudi hewani baadaye, na mlingoti wa Armstrong wa mwaka 1937 ungali umesimama kileleni.