Ubora wa Uchezaji wa Video Tovutini: Dhana na Istilahi Zake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri siku hizi ni miongozo ya utengenezaji wa tovuti. Tulipata kusoma mwongozo mmoja wa namna hiyo, uliokusudiwa maofisa wa taasisi moja mjini Morogoro ambao huweka tovutini masomo ya kilimo kwa njia ya video. Walimu wa upande wa Mgeta, katika Milima ya Uluguru, walikuwa wamelalamika kwamba video hukwama kila baada ya sekunde chache. Mwongozo ukaagiza: "Ongezeni ubora wa video." Agizo likatekelezwa. Video zikawekwa upya zikiwa na picha kali zaidi, nazo zikazidi kukwama. Kosa halikuwa la fundi, bali la istilahi.

Katika makala haya tunakusudia kupambanua dhana zilizochanganywa hapo, na kupendekeza neno la kila moja.

Ukali wa picha na ubora wa uchezaji

Neno "ubora" lilibebeshwa maana mbili. Maana ya kwanza ni ukali wa picha, yaani wingi wa nukta, au pikseli, zinazoijenga. Picha ya mistari 1080 ina nukta 1920 kwa 1080, yaani 2,073,600. Picha ya mistari 360 ina nukta 640 kwa 360, yaani 230,400. Ya kwanza ni mara tisa ya pili. Maana nyingine ni ubora wa uchezaji, yaani video kuanza mapema na kuendelea hadi mwisho bila kukatika.

Dhana hizi mara nyingi hushindana. Kadiri nukta zinavyozidi, ndivyo mzigo wa data unavyozidi. Mzigo huo hupimwa kwa kasi ya biti, yaani idadi ya biti zinazohitajika kwa kila sekunde ya video. Tuchukue mfano wa video ya dakika 10 yenye kasi ya biti milioni 4 kwa sekunde. Ikiwa mtandao hupitisha biti milioni 2 tu kwa sekunde, video hiyo itachukua dakika 20 kumfikia mtazamaji, naye hana budi kungoja. Ikibanwa hadi biti 800,000 kwa sekunde, itapita kwa nafasi. Katika mabonde ambako mlima husimama baina ya simu na mnara, hesabu hii ndiyo inayoamua kama somo litafundishwa au la.

Kutiririsha, kuakibisha na kukwama

Kutiririsha ni kutazama video huku data zake zikiendelea kuwasili. Kupakua ni kuichukua yote kwanza na kuihifadhi. Mwalimu anayeshuka mjini kila mwezi anahitaji kitufe cha kupakua kuliko anavyohitaji picha kali.

Kwa kuwa mtiririko hupungua na kuongezeka, kicheza video huweka akiba ya sekunde kadhaa zijazo. Msomaji wa Morogoro atalielewa jambo hili akilitazama Bwawa la Mindu katika Mto Ngerengere: maji yanayoingia hubadilika kwa majira, lakini bomba la mjini huendelea kutoa maadamu bwawa halijakauka. Kitendo cha kujaza akiba hiyo huitwa kuakibisha. Akiba ikiisha, video hukwama.

Katika Kiingereza cha kila siku neno moja hutumika kwa mambo yote mawili, na wafasiri wengi wameufuata mkanganyiko huo. Sisi hatuna sababu ya kuurithi. Kuakibisha ni dawa. Kukwama ni ugonjwa. Anayeandika "zuieni video isiakibishe" anaamuru bwawa libomolewe ili bomba lisikauke.

Dawa nyingine ni utiririshaji wa kujirekebisha. Video huandaliwa katika nakala kadhaa zenye kasi tofauti za biti, kila nakala ikakatwa vipande vya sekunde chache. Kicheza video hupima mtandao, kisha huchagua kipande kinachofaa. Kiwango cha kimataifa cha MPEG-DASH, kilichochapishwa mwaka 2012, huongoza kazi hiyo.

Kupachika

Kupachika ni kuiweka video ndani ya ukurasa wa tovuti kama mshale upachikwavyo kwenye upote wa uta. Neno hili linafaa, ila lina hatari moja. Mara nyingi video iliyopachikwa haikai katika ukurasa huo. Hukaa katika seva nyingine, nao ukurasa huifungulia dirisha tu. Kwa hiyo afisa anayehamishia tovuti kwenye seva yenye nguvu, na kuziacha video zilikokuwa, hajarekebisha uchezaji wake. Aidha, dirisha la mistari 360 halihitaji kuletewa picha ya mistari 1080. Yafaa pia video isianze yenyewe ukurasa unapofunguliwa, bali itangulie picha moja nyepesi, na mtazamaji mwenyewe aamue.

Istilahi zinazopendekezwa

Ukali wa picha: wingi wa nukta katika picha.
Ubora wa uchezaji: wepesi wa kuanza na kuendelea bila kukatika.
Kasi ya biti: idadi ya biti kwa sekunde moja ya video.
Kubana: kupunguza ukubwa wa data za video.
Kuakibisha: kuweka akiba ya data kabla ya kuchezwa.
Kukwama: kusimama kwa video baada ya akiba kwisha.
Utiririshaji wa kujirekebisha: utiririshaji unaobadili kasi ya biti kufuatana na mtandao.

Hitimisho

Kwa istilahi hizi agizo lile lingeandikwa hivi: "Andaeni nakala zenye kasi ndogo ya biti, hata kama ukali wa picha utapungua, ili ubora wa uchezaji uongezeke." Fundi angeelewa, na mwalimu wa Mgeta angemaliza somo lake.

Haya ni mapendekezo, si maamuzi. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayajaribu katika kazi zao, na wenye maneno yanayofaa zaidi wayalete yajadiliwe.