Usisafirie Nyota ya Mwenzio

Jumamosi moja ya mwezi wa Julai nilisimama katika Soko la Burma, kando ya Jogoo Road mjini Nairobi, nikingoja nyama ya hitima ya marehemu mama. Ndugu yangu aliyeko London alikuwa ameiagiza na kuilipia kwa intaneti. Alichagua 10:00, ndiyo saa 4 yetu ya asubuhi. Saa 4 ikapita, saa 5 nayo ikapita. Muuza nyama akanionyesha simu yake: "Mzee wangu, hapa pameandikwa 12:00."

Je, mwongo ni nani? Hakuna. Siku ya pili nilimwendea kijana aliyeitunga programu ile. Akainamisha kichwa. "Nisamehe, Mzee. Programu iliichukua 10:00 kuwa saa ya London, ikaigeuza kuwa ya Nairobi."

Hapo nikafahamu. Majira ya kiangazi London huwa saa 2 nyuma yetu, na majira ya baridi saa 3. Sisi hatubadili saa zetu. Wao hubadili mara mbili kwa mwaka. Basi, mtunzi wa programu akiandika "toa saa 2" na kuridhika, ifikapo Novemba atakuwa amekosea tena.

Nikamwuliza dawa yake. Akasema jambo lililokwisha kutokea huandikwa kwa saa moja ya dunia nzima, ile ya Greenwich, kisha kila mtu huonyeshwa kwa saa ya kwake. Lakini miadi ijayo huandikwa kwa saa ya mahali itakapotimizwa, pamoja na jina la mahali hapo. Letu katika orodha ya kompyuta ni Africa/Nairobi, na Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu zote huifuata hiyo hiyo.

"Mwanangu," nikamwambia, "waadhini wanalijua hilo tangu zamani." Mombasa na Nairobi zina saa moja ukutani, lakini jua hupinduka Mombasa dakika 11 hivi mapema. Hakuna mwadhini wa Nairobi aadhiniye adhuhuri kwa jua la Mombasa.

Hitima yetu ilisomwa kwa wakati wake, baada ya adhuhuri. Pilau ndiyo iliyochelewa hadi alasiri, na wazee waliotoka mbali wakaondoka na kahawa na tende tu. Mama, aliyependa kulisha wageni, asingalifurahi. Wahenga walituonya: usisafirie nyota ya mwenzio.