Bunduki ya Upepo Iliyofufuliwa: Nguvu Imevujia Wapi?

Bunduki ya upepo ya miaka ya 1960 imefunguliwa yote. Kutu imetolewa, springi mpya imewekwa, ngozi ya pistoni imebadilishwa na kitako kimepakwa vanishi hadi kinang'aa. Lakini ikifyatuliwa, risasi inatoka kinyonge, pengine kinyonge zaidi kuliko kabla haijaguswa. Huko Uingereza na Ujerumani, ambako bunduki hizi zimetengenezwa kwa zaidi ya karne moja na watu huzikarabati wenyewe nyumbani, hili ni lalamiko la kila siku. Kibaya ni dawa inayokimbiliwa: springi ngumu zaidi, au matone ya mafuta ndani ya silinda. Zote mbili huiharibu bunduki, na zinaweza kumjeruhi aliyeishika.

Ieleweke kwanza kwamba springi haiigusi risasi. Kiwanda cha BSA cha Birmingham kilianza kutengeneza bunduki zilizobuniwa na Lincoln Jeffries mwaka 1905, na kanuni ya bunduki hizo haijabadilika: springi inaisukuma pistoni, pistoni inaibana hewa iliyo kwenye silinda, na hewa hiyo inapenya kwenye tundu jembamba na kuitoa risasi mtutuni. Yote hutimia ndani ya takriban sehemu moja ya mia ya sekunde. Hewa ikibanwa kwa kasi hiyo haipati muda wa kupoa, hivyo joto lake hupanda hadi mamia ya nyuzi. Aliyewahi kujaza tairi la baiskeli kwa pampu ya mkono anajua jinsi pampu inavyopata moto. Sayansi ni ileile, na katika bunduki nyingi za zamani hata ngozi iliyo ndani ina umbo lilelile la kikombe.

Kwa kuwa kazi yote inafanywa na hewa, mahali pa kutafuta nguvu iliyopotea ni pale hewa inapotorokea. Na upotevu huo ni mkubwa kuliko unavyoonekana kwa macho. Risasi ya gramu 0.95 ikitoka kwa kasi ya mita 150 kwa sekunde hubeba nishati ya jouli 10.7 hivi. Kasi ikishuka hadi mita 110, zinabaki jouli 5.7 tu, kwa sababu nishati hufuata mraba wa kasi. Ndiyo maana fundi makini hupima kwa kipimakasi cha elektroniki kabla ya kununua kipuri chochote.

Mtuhumiwa wa kwanza ni ngozi. Ngozi mpya ikifungwa ikiwa kavu haikamati kuta za silinda. Inatakiwa ilowekwe mafuta hadi ilainike, ifutwe, kisha ipewe muda wa kuzoeana na chuma. Mara nyingi kasi hupanda yenyewe kadiri bunduki inavyotumika. Tazama pia skrubu inayoishikilia ngozi hiyo katikati. Kichwa chake kikijitokeza hata kidogo, pistoni haifiki mwisho wa silinda. Panabaki uwazi mwembamba ambamo hewa iliyobanwa inakaa bila kazi. Mikwaruzo ndani ya silinda nayo ni njia ya hewa, na hakuna ngozi inayoweza kuiziba ikiwa ni mirefu.

Kwa bunduki inayokunjwa mtutu, kama BSA Meteor iliyotoka mwaka 1959, kagua kizibo kilicho pale mtutu unapokutana na silinda. Lenga mahali salama, weka ukanda wa karatasi laini ya chooni juu ya kiungo hicho, kisha fyatua risasi ya kawaida. Karatasi ikiruka, hewa inavuja. Usijaribu bila risasi: hapo hakuna mto wa hewa wa kuipunguza pistoni mwendo, nayo hujigonga chuma kwa chuma. BSA Airsporter na Webley Mark 3 hupakiwa kupitia koki ndogo inayozungushwa, na koki iliyolika ni kazi ya fundi mwenye mashine na subira. Wengine husahau risasi yenyewe. Mitutu mingi ya zamani ya Uingereza ya ukubwa wa .22 inapenda risasi ya milimita 5.6; ukiweka ya 5.5, inaingia kwa ulegevu na hewa inaipita pembeni.

Springi mpya basi iwe ya kipimo cha kiwandani. Ikiwa nene au ndefu mno, pete zake hubanana kabla ya triga kushika, au pistoni hupiga kwa nguvu, ikarudi nyuma kabla risasi haijatoka na kasi ikapungua badala ya kuongezeka. Kuichomoa bila kibano maalumu ni hatari ya wazi, maana imebanwa hata bunduki ikiwa haijakokiwa.

Kuhusu mafuta, Waingereza G. V. Cardew na G. M. Cardew walifyatua bunduki ya aina hii ndani ya gesi ya naitrojeni, isiyounguza kitu, na nguvu ikashuka sana. Maana yake ni kwamba katika matumizi ya kawaida chembe za mafuta huungua na kuisaidia risasi. Hapo ndipo wengine hupata wazo la kuongeza. Mafuta yakizidi, yanalipuka kama ndani ya injini ya dizeli: springi inavunjika, vizibo vinapasuka, na kasi inakuwa haitabiriki. Tena nguvu ikiongezwa hivyo inaweza kuvuka kikomo cha sheria: Uingereza inaweka kikomo cha takriban jouli 16.3 kwa bunduki ya upepo isiyohitaji leseni ya silaha, Ujerumani jouli 7.5, na Scotland imedai leseni tangu mwisho wa 2016. Kwa hapa kwetu Afrika Mashariki, uliza polisi kabla ya kumiliki, na hata kabla ya kutengeneza.

Nasisitiza haya kwa sababu ya macho. Risasi ndogo ya .177 huweza kupenya ngozi ya binadamu kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde. Hata bunduki inayolalamikiwa kuwa dhaifu huweza kuvuka hapo. Jicho halihitaji kasi hiyo ili kuumia. Vaa miwani ya kinga unapofungua na unapojaribu. Shikilia mtutu kwa nguvu unapopakia, kwani triga iliyochakaa ikiachia, vidole vinasagika. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kushika risasi: nyingi ni madini ya risasi, sumu ambayo Shirika la Afya Duniani linasema haina kiwango kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi. Usizishikilie mdomoni.

Jicho likipigwa, usilioshe, usilibonyeze, usijaribu kuchomoa kitu. Lifunike kwa kikombe kigumu kisichogusa jicho, mpeleke mgonjwa siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye daktari wa macho, na umweleze daktari kama ilikuwa risasi laini au gololi ya chuma, maana kipimo cha MRI hakifai mpaka ithibitike kwamba hakuna chuma ndani.